Milio Miwili Iliyobaki

Mwaka ule wa 1956 Zuena alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuandika. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, pale kijijini kwao Matambarale. Tangu siku alipoweza kuandika jina lake, hakuna kitu kilichosalimika. Kwenye chungu cha chumvi aliandika kwa mkaa CHUMVI. Kwenye kinu aliandika KINU. Kuku tu ndio walimshinda, kwa sababu hawatulii.

Mumewe, Adinani, alikuwa mkulima wa korosho na ufuta. Yeye hakujua hata herufi moja. Siku moja alirudi kutoka shambani akakuta kigoda chake kimeandikwa.

"Mama Biasha, hapa umeandika nini?" aliuliza. Biasha ni binti yao wa kwanza.

"Nimeandika ADINANI."

"Sasa mimi nikikaa, si nitalifunika jina langu?"

"Ndiyo. Lakini ukiinuka, watu watajua nani alikuwa amekaa."

Adinani alicheka mpaka jembe likamdondoka.

Aliyemfundisha Zuena alikuwa Bibi Maendeleo, jina lake Teodosia. Alikaa Ruangwa, na kila Jumanne alikuja Matambarale kwa baiskeli kuwasomesha watu wazima. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali kidogo, na hakupenda uvivu. Alimpa Zuena daftari na penseli.

"Andika unachokiona," alimwambia. "Usiandike unachosikia. Maneno ya kusikia yana miguu mingi."

Zuena aliitikia, ingawa wakati ule hakuelewa maana yake.

Ukafika mwezi wa tisa. Vijana saba wa Matambarale walikuwa jandoni tangu mavuno ya ufuta, na sasa siku yao ya kutoka ilifika. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Zuena, Chilumba. Mwingine alikuwa mtoto wa Swalehe, jirani yao na mtani mkubwa wa Adinani.

Desturi ya kutoka jandoni kila mtu aliijua. Kibanda walichokaa vijana huchomwa moto, nao hutembea kuja kijijini bila kugeuka nyuma. Kisha mtu mmoja hupiga gobori. Kijana mmoja, mlio mmoja. Kwa mlio ule kijana hulitangaza jina lake jipya la utu uzima, na jina la utotoni hubaki kwenye majivu.

Gobori ni bunduki ya kizamani. Unamimina baruti mdomoni mwake, ukaishindilia kwa kijiti kirefu, ndipo upige. Siku ya jando haitiwi risasi. Hutiwa baruti na matambara tu, kwa ajili ya kishindo. Mpigaji hukiangalia kibanda kinachoungua, akaipa barabara mgongo. Tena mpigaji ni mmoja. Aliyeanza ndiye anayemaliza. Mwaka ule mpigaji alikuwa Adinani.

Asubuhi ile Zuena alivaa kanga mpya. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele. Yeye alikaa juu ya kinu kilicholazwa, daftari magotini, akiandika kila jina lililotangazwa.

"Isihaka!" Gobori likalia, bumm!

"Lukumani!" Bumm!

Wakaja Abdala, Bakari na Ismaili. Milio mitano, majina matano. Moshi wa kibanda ulipanda juu, watu walicheza, vumbi likatimka. Sasa ilikuwa zamu ya mtoto wake. Zuena alilijua jina ambalo Chilumba amelichagua, jina la babu yake, Hasani. Hakuweza kungoja. Wakati mumewe anashindilia baruti, yeye alianza kuandika: Ha.

Ukasikika mlio. Lakini haukuwa wa gobori. Ulikuwa mlio mkavu, na ulitoka upande wa barabara. Mkono wa Zuena ulishtuka, penseli ikachora mstari mrefu hadi chini ya karatasi.

Alipoinua macho, Adinani alikuwa ameanguka chini.

Aliyempiga alikuwa askari polisi, koplo jina lake Teofili. Alikuwa katika lori na askari wenzake akitoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Alitoka mbali, kule kwenye ziwa kubwa la magharibi, na alikuwa na wiki mbili tu katika wilaya. Aliona moshi. Alisikia bunduki mara tano. Akadhani watu wabaya wanachoma kijiji. Akashuka na bunduki yake, akapita katikati ya mikorosho, akaona mgongo wa mtu mwenye gobori. Hakuita. Hakuuliza. Alipiga.

Risasi iliingia nyuma ya paja la Adinani. Askari walimbeba, wakalichukua na gobori lake, wakageuza lori kurudi Nachingwea. Hawakumruhusu mtu kupanda.

Furaha ya jando ilikatika. Vijana watano walikuwa na majina mapya. Wawili hawakuwa nayo, kwa sababu majina ya utotoni yalikwisha kuungua, na mapya hayakutangazwa. Mtu mwingine hakuweza kupiga gobori badala ya Adinani. Swalehe alianza kumwita mwanawe "Wewe". Hata alipotania, macho yake yalikuwa mekundu.

Siku nne zilipita bila habari. Siku ya tano mchuuzi alifika kutoka Nachingwea na gazeti. Liliitwa Kengele ya Kusini, na lilikuja kwa gari moshi kila wiki. Watu walimwita Zuena awasomee. Alisimama katikati yao akiwa na fahari kidogo, kwani ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma gazeti mbele za watu. Herufi zilikuwa kubwa. Alisoma moja moja.

"WA-HA-LI-FU WA-CHO-MA MA-TA-MBA-RA-LE. KI-O-NGO-ZI WA-O A-U-A-WA."

Akaendelea. Gazeti lilisema koplo shujaa amemuua kwa risasi mtu aitwaye Adinani, aliyekuwa akimlenga kwa bunduki.

Zuena hakupiga kelele. Alikaa chini na gazeti lake. "Limeandikwa," alisema. "Limeandikwa, basi ni kweli." Alilia sana siku ile. Alilia kwa ajili ya mumewe, na pia alijutia kujua kusoma.

Majirani walikusanyika kwa msiba. Kesho yake alfajiri Zuena na Swalehe walipanda lori la korosho kwenda Nachingwea kuuchukua mwili. Swalehe alibeba jembe la kuchimbia kaburi, kwa sababu kwa desturi hiyo ni kazi ya mtani.

Walifika hospitali. Zuena aliuliza kwa sauti ndogo, "Maiti ya Adinani iko wapi?"

Muuguzi alishangaa. "Adinani wa Matambarale? Iko kitanda cha tatu. Inalalamika kwamba maharage hayana chumvi."

Zuena alikimbia. Adinani alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa bendeji, sahani ya wali na maharage mkononi. Zuena alimtazama mara moja, mara mbili. Kisha akamchapa begani kwa gazeti.

"Mama Biasha!" alisema Adinani. "Polisi wamenipiga, na wewe unanipiga?"

"Umekufa wewe! Nimesoma mwenyewe!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akamshika mkono asiuachie.

Swalehe alisimama miguuni mwa kitanda na jembe lake. "Mtani, jembe hili nimelibeba toka Matambarale. Silirudishi bure. Hebu lala nikupime."

Wodi nzima ilicheka. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa askari aliyekaa kwenye benchi karibu na kitanda. Zuena akamwuliza anafanya nini pale.

"Ninamlinda," alisema askari. "Wiki ijayo atapelekwa kwa hakimu. Ameshtakiwa kuchoma nyumba na kumlenga askari kwa bunduki. Akionekana ana hatia, atafungwa miaka mingi."

Kicheko kikakoma. Kumbe mumewe alikuwa hai, lakini alikuwa njiani kwenda jela.

Waliporudi kijijini, wanaume walikutana kwenye baraza ya Swalehe. Walikuwa na hofu, na hofu si mshauri mzuri.

"Dawa ni moja," alisema Swalehe. "Sote tuseme hapakuwa na gobori. Hapakuwa na moto. Tulikuwa tunapalilia muhogo."

Wengi walikubali. Teodosia alikuwa amefika na baiskeli yake, kwani ilikuwa Jumanne. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Gobori liko mikononi mwa polisi," alisema. "Mtawezaje kusema hapakuwa na gobori? Hakimu akiwashika kwa uongo mmoja, hata ukweli wenu hatauamini."

"Lakini Bibi, serikali imeshaandika," alisema mzee mmoja. "Gazeti limeshaandika."

"Zuena," Teodosia aliuliza, "gazeti lilisema mumeo yuko wapi?"

"Kaburini."

"Na wewe umemwona wapi?"

"Kitandani, anakula."

"Basi. Gazeti huandikwa na mtu. Mtu anaweza kukosea. Anaweza kusikia upande mmoja tu akaridhika. Mwandishi yule alizungumza na askari wa lori. Hapa kwenu hakufika. Kujua kusoma si kuamini kila kinachosomwa. Kujua kusoma ni kuweza kuuliza: nani aliona? Nani aliulizwa? Nani hakuulizwa?"

Zuena alisikiliza kwa makini. Maneno ya kusikia yana miguu mingi. Sasa alielewa.

"Na huyo koplo?" aliuliza Swalehe. "Polisi si wana ruhusa ya kupiga?"

"Hawana ruhusa ya kupiga wapendavyo," alisema Teodosia. "Bunduki ya polisi ni ya mwisho kabisa, pale maisha ya mtu yamo hatarini na njia nyingine hakuna. Kwanza askari aangalie. Apaze sauti, aseme yeye ni polisi, mtu aweke silaha chini. Na akishampiga mtu kwa risasi, lazima aeleze mbele ya hakimu kwa nini amepiga. Nanyi mna haki ya kwenda kueleza mlichokiona. Lakini kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake tu. Asiyeona aseme hakuona."

Zuena akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari.

Teodosia alitazama ukurasa ule. Majina matano. Kisha Ha. Kisha mstari mrefu wa penseli hadi chini.

"Hapa ndipo risasi ilipolia?" aliuliza.

"Hapo hapo. Baba Biasha alikuwa bado anashindilia."

Teodosia akalifunga daftari taratibu. "Zuena, usiguse karatasi hii. Usiongeze hata nukta."

Siku ya kesi, watu kumi na wawili wa Matambarale walikwenda Nachingwea pamoja na Teodosia. Koplo Teofili alisimama mbele ya hakimu, akasema alimwona mtu akimlenga, naye akajikinga. Mwandishi wa Kengele ya Kusini alikuwepo, anaandika.

Zuena aliitwa. Alisimama wima, daftari mkononi. Alisema alichokiona. Alifungua daftari, akasoma majina matano kwa sauti.

"Na hili la sita?" aliuliza hakimu. "Mbona halikuisha?"

"Mtoto wangu hajapata jina, Bwana Hakimu. Baba yake alikuwa anashindilia baruti. Kijiti kilikuwa bado ndani ya gobori. Mpaka leo kimo, kama hakuna aliyekitoa."

Hakimu aliagiza gobori liletwe. Askari wa stoo alilileta, na kikaratasi cha polisi bado kimefungwa juu yake. Kijiti cha kushindilia kilikuwa kimechomoza mdomoni, kama siku ile. Hata mtoto wa Matambarale anajua kwamba gobori lenye kijiti ndani halimlengi mtu.

Kisha daktari alisema jeraha liliingilia nyuma ya paja.

Hakimu alimgeukia koplo. "Mtu huyu alikulenga kwa kisogo?"

Teofili aliinamisha kichwa. "Hapana, Bwana. Niliona moto, nikasikia bunduki. Niliogopa."

"Ulipaza sauti?"

"Sikupaza."

Naam, palepale Adinani aliachiwa huru, na gobori lake akarudishiwa. Koplo alivuliwa tepe zake, akanyang'anywa bunduki, na kesi yake mwenyewe ikafunguliwa. Hakimu akawageukia pia watu wa Matambarale. Aliwaambia kwamba ngoma na gobori vinahitaji taarifa kwa polisi mapema, kwa maandishi, ili askari wageni wajue.

"Kosa hilo ni letu," Teodosia aliwaambia nje. "Tutalirekebisha. Lakini msisahau: kukosa kutoa taarifa si kosa la kupigwa risasi."

Walirudi kwa lori wakiimba. Adinani aliegemea mkongojo, gobori begani. Swalehe alimwita "Marehemu" njia nzima. Jina lile lilimganda kijijini. Hata Zuena akipakua chakula aliita, "Marehemu, njoo ule!"

Wiki iliyofuata gazeti lilikuja tena. Zuena alilitafuta jina la mumewe ukurasa wa kwanza, halipo. Wa pili, halipo. Alilikuta ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la sabuni: Adinani wa Matambarale hakufa. Basi. Habari imekwisha.

Swalehe aliinama akaangalia. "Mtani," alisema, "walipokuua walitumia herufi kama migomba. Walipokufufua wametumia herufi kama chawa!"

Watu walicheka, ila Zuena hakucheka. Alikasirika. Alichukua penseli, akaandika barua yake ya kwanza:

"Bwana Mhariri. Gazeti lako lilisema mume wangu Adinani amekufa. Leo asubuhi amekula kiporo cha muhogo chote. Lilisema alichoma nyumba. Kilichoungua ni kibanda cha jando, nacho huchomwa kila jando likimalizika. Lilisema alimlenga askari. Hakimu ameona kijiti ndani ya gobori, na daktari ameona jeraha nyuma ya paja. Mwandishi wako hakufika kwetu kuuliza. Uongo uliuweka ukurasa wa kwanza. Ukweli nao uweke hapo hapo. Mimi Zuena, mke wa Adinani, ambaye si mjane."

Teodosia aliisoma. Alitaka kusahihisha, akaona hakuna cha kusahihisha.

Zuena akaandika na barua ya pili, ya kituo cha polisi. Ilisema kwamba siku ya Jumamosi, Matambarale, gobori litapigwa mara mbili, bila risasi, kwa ajili ya vijana wawili. Jibu lilirudi na mhuri: taarifa imepokelewa, askari mmoja atakuja.

Jumamosi ile korosho zilikuwa zinadondoka. Watu walitoka mbali, hata Mandawa, kuja kutazama. Mwandishi wa gazeti alikuja pia, amejaa vumbi, na safari hii aliuliza kila mtu mpaka watu wakamkimbia. Mhariri alikuwa amemwambia ukurasa wa kwanza unamngojea.

Askari aliyetumwa alikuwa Teofili; kesi yake ilikuwa bado inangoja, naye aliomba mwenyewe kuja. Hakuwa na tepe, wala bunduki. Alisimama mbali, hajui aweke wapi mikono. Kisha akasogea mbele ya Adinani.

"Mzee wangu," alisema, "nilikukosea. Nisamehe."

Adinani alimtazama kwa muda. Mguu bado ulikuwa unamuuma, na hakujifanya hauumi.

"Karibu ngomani," alisema. "Lakini leo kaa mbele yangu. Nyuma usikae."

Kijiji kizima kiliangua kicheko, na Teofili mwenyewe akacheka huku anafuta macho. Swalehe akamvuta, akamkalisha kwenye kigoda kilichoandikwa ADINANI.

Adinani aliweka mkongojo chini. Alimimina baruti, akashindilia, akakichomoa kijiti, akakiinua juu watu wote wakione. Mtoto wake akasogea mbele, amenyoosha mabega.

Zuena alikuwa juu ya kinu, daftari limefunguliwa ukurasa uleule. Safari hii hakutangulia kuandika. Aliweka ncha ya penseli pale ilipoishia, baada ya Ha, akangoja.

"Hasani!" kijana alitangaza.

Bumm!

Mkono wa Zuena haukushtuka. Aliandika: sani. Kisha akashuka mstari mmoja, akamtazama mtoto wa Swalehe anavyosogea, akangoja amsikie.